Neno la Mgeni Katika Nchi ya Mithili

Mwenye masikio ayasogeze karibu, na mwenye usingizi akalale. Hadithi hii haimkimbizi mtu, ila haimngoji mtu pia.

Alikuwako mwanamke msusi wa mikeka, Mashavu jina lake, mtu wa umri wa kuwa na wajukuu, ila wajukuu wenyewe walikuwa hawajazaliwa. Binti yake wa pekee, Mize, alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya nchi iitwayo Mithili. Habari zikaja kwamba Mize ana mimba ya kwanza na miguu imemvimba. Basi Mashavu akafunga kanga zake, akachukua na mkeka mdogo aliousuka wa kumlazia mtoto, akaondoka. Njia aliyopita na alikolala tuyaache, kila mtu aliyesafiri anajua vumbi lilivyo. Tumkute amekwisha fika langoni.

Jambo moja tu lijulikane kabla hajaingia. Mashavu hakuwa mtu wa kuacha mgongo wazi, hata jua liwake namna gani. Zamani, Mize angali akitambaa, jiko lao liliungua. Makuti yakaanza kudondoka na moto wake, na Mashavu akaona mlango hatauwahi. Akajikunja juu ya mtoto kama kiganja kinavyofumba, akakaa hivyo hivyo mpaka majirani walipovunja ukuta. Mtoto alitoka hana hata alama. Mama alitoka na mgongo wa makovu yaliyopandana, kovu juu ya kovu, magumu kama kucha. Hilo ndilo alilokuwa akilifunika.

Haya. Langoni pa Mithili alisimama ndege mrefu wa kijivu, domo lake pana kama kiatu cha mtu mzima, na kichwani amevishwa kofia ya askari. Hakupepesa jicho. Mashavu akamwamkia, maana kofia ni kofia. Ndege hakuitikia. Ndani akapokewa na kijana nadhifu, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wageni na wote walimwita Mpokezi. Akamkalisha kitini, akampa maji ya mtungi, akamuuliza habari za kwao, za mvua, za mazao, na alisikiliza majibu kwa kichwa kilichoinama. Mashavu akajisemea moyoni kwamba kumbe nchi hii wana watoto waliolelewa.

Kisha Mpokezi akamwambia kuwa wana desturi ndogo tu. Mgeni akiingia huonyeshwa kiumbe mmoja, naye huwaambia anafanana na nini. Akishasema, njia ni yake.

Likaletwa tenga. Ndani yake kulikuwa na mnyama ambaye sisi wengine tunamwita kakakuona, lakini kwao Mashavu hakuwako, na hajapata kumwona. Alikuwa kama wa kubebwa kwapani, mwili mzima magamba toka kichwani hadi ncha ya mkia, mdomo mrefu usio na jino, ulimi mwembamba kama uzi. Juu ya shina la mkia wake alipanda mwanawe, mdogo, magamba yake bado laini na meupe. Tenga lilipotikiswa, mama alimvuta mtoto tumboni na kujiviringisha, wakawa kitu kimoja cha mviringo.

Mashavu akauliza jina lake.

"Jina si kazi yetu, mama," Mpokezi akasema kwa upole. "Ukilijua jina la kitu bado hujui ukiweke wapi. Sisi tunauliza mfano."

Mashavu akatazama tena. Hakuwa na la kusema, lakini ameshakunywa maji ya watu na kukalia kiti chao. Akaona aibu kuwanyima kitu kidogo namna ile.

"Haya magamba," akasema, "ni kama ya samaki."

Mpokezi akamshukuru kwa mikono miwili. Mpiga mbiu akapanda juu ya lango, akapuliza pembe, akatangaza kwamba mgeni amesema samaki. Huko chini mjini watu wakapiga makofi. Mashavu akainamisha uso kwa haya, na furaha kidogo pia, maana nyumbani kwao neno lake halijapata kupigiwa makofi.

Akaambiwa kwamba lango la kutokea hufunguliwa siku ya gulio tu, na siku hiyo hiyo ndiyo maneno ya wageni hutimizwa. Mpaka siku hiyo atakaa kwa Mzee Kitwana, mtunzaji wa Bustani ya Wasio na Mfano. Mashavu hakuuliza neno hutimizwaje. Alidhani labda watapika.

Mzee Kitwana alikuwa mtu mkimya, mjane, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimpa chumba safi na uji wa mtama, naye mwenyewe akala amesimama, kwa sababu wanyama walikuwa wanamngoja. Mashavu akamfuata bustanini kwa kutaka kusaidia, kwa kuwa si mtu wa kukaa bure.

Bustani ilikuwa kubwa na karibu yote tupu. Vizimba vilifuatana, milango wazi, majani yameota ndani. Mzee Kitwana alimweleza huku akifagia. Mtawala wa zamani wa Mithili alipenda vitu vya ajabu, akatuma watu kila pembe ya dunia wamletee wanyama ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Wakaletwa. Mwanzoni watu walikuja kutazama na watoto wao. Baadaye wakaanza kukosa amani. Mtu akirudi nyumbani, mkewe akimuuliza ameona nini, hana la kujibu, na mtu asiye na la kujibu kwake hulala vibaya. Mtawala alipokufa, wakubwa walikaa wakatunga sheria moja, kwamba hakuna kiumbe asiye na mfano. Na kwa kuwa wenyewe kwa wenyewe waligombana kila mmoja akitaka mfano wake, wakakubaliana kwamba atakayesema ni mgeni. Mgeni hana upande.

"Sheria nzuri," Mashavu akasema. Na kweli aliiona nzuri.

Mzee Kitwana akaacha kufagia. Akamwonyesha safu ya vyungu vilivyopangwa ukutani, udongo umekauka ndani. Hapo, alisema, walikuwa fuko waliotoka nchi za baridi, wadogo, wasioona, na kwenye ncha ya pua wana vijinyama vya waridi vinavyotawanyika pande zote. Mgeni mmoja akasema pua ile ni kama ua. Basi wakapandwa. Kichwa juu, mwili ndani ya udongo ulioshindiliwa, wakamwagiwa maji asubuhi na jioni. Walikuwa wakizichezesha zile pua kutafuta njia, na watu wakasema tazameni ua linavyocheza na upepo.

Mashavu akadhani ni mzaha, akacheka kidogo. Mzee hakucheka.

Akamwonyesha mnara. Kulikuwa na mnyama wa manyoya kama ya fuko, mkia bapa, na mdomo wa bata, tena hutaga mayai. Mgeni alisema mdomo wa bata. Wakampeleka juu ya mnara aruke. Alipofika chini Baraza la wakubwa lilikaa siku nzima, likaamua kwamba sheria haina kosa, bata huyo alikuwa mkaidi. Akamwonyesha na karo la maji lililopasuka, ambamo aliishi mjusi wa maji mweupe mwenye matamvua shingoni, mdomo wake umekaa kana kwamba anatabasamu daima. Mgeni alisema anaonekana kama mtu aliyeshiba. Hakuletewa chakula tena, na alitabasamu mpaka mwisho.

"Na yule ndege wa langoni?" Mashavu akauliza.

"Huyo alisemwa kwamba anasimama kama askari. Askari hali akiwa zamu, na zamu yake hawajaimaliza. Alikufa kiangazi kilichopita. Amesimama vile vile, hawajajua. Mimi ndiye humfuta vumbi."

Hapo Mashavu akaelewa neno lake litatimizwaje, maana ukingo wa bustani ulikuwa ziwa, na mbele ya macho yake kulikuwa na gati jipya la mbao lililopambwa matawi.

Akakaa chini. Alifikiri juu ya yule mtoto mwenye magamba meupe. Baadaye akamuuliza mzee kwa nini wageni hawaambiwi mapema.

Mzee Kitwana akakaa naye. Alisema wageni hawaambiwi kwa sababu neno la mtu aliyeonywa si neno safi. Halafu akageuza uso, akaendelea bila kumtazama. Alisema hata watoto wa watu Mithili hutazamwa wakizaliwa. Shangazi husema kafanana na fulani, na basi, mtoto ana mahali pake. Mwanawe yeye alizaliwa mdomo wa juu umepasuka katikati. Mashangazi wakashindwa. Akapelekwa langoni, na siku hiyo akapita mgeni mmoja, mwuza chumvi.

"Akasema mdomo wa sungura," Mzee Kitwana akasema. "Na sungura, unajua anakaa wapi. Anakaa porini. Nilimpeleka mimi mwenyewe, maana mtunzaji ni mimi. Yule mwuza chumvi hakuwa mtu mbaya, dada. Alikuwa na adabu kama wewe. Alimchekea mtoto. Wageni wetu wote wana adabu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema hajui."

Mashavu hakumpa pole. Kuna mahali pole inakuwa ndogo. Alichukua ufagio akamalizia kufagia, na mzee akaenda kumtafutia kakakuona mchwa.

Kutwa hiyo na zilizofuata alikwenda tengani. Alimwona mama akila mchwa kwa ule ulimi wa uzi, mtoto juu ya mkia, na kila kishindo kilipotokea, hata cha mlango, mama alijikunja, mgongo nje, mtoto ndani. Mashavu alitazama vile magamba yalivyopandana. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye bega lake, chini ya kanga.

Alipomuuliza mzee kama neno la mgeni linaweza kurudi, aliambiwa halirudi, ila laweza kupitwa na neno la mgeni huyo huyo lililo karibu zaidi. Na hakuna mfano unaopita mtu. Ilishawahi kutokea. Palikuwa na nyani wa visiwani, mwenye pua ndefu iliyoning'inia mpaka kwenye mdomo na tumbo la mtu mkubwa. Mgeni mmoja mcheshi alisema anafanana na hakimu wao. Basi nyani akavishwa joho akakalishwa Barazani, na yuko mpaka leo, anaitwa Mheshimiwa. Akikuna tumbo inahesabiwa amekubali. Akisinzia, amekubali pia.

"Na huyo hakimu aliyefananishwa naye?"

"Mnyama akifanana na mtu, amepanda. Mtu akifanana na mnyama, hana tena mfano wa mtu. Kiti kilikuwa kimoja. Hakimu aliletwa hapa, kizimba kile cha nyuma, alikaa hadi mgeni mwingine aliposema ni kama gunia." Mzee akakung'uta mikono. "Dada, nisikilize. Una binti anakungoja. Siku ya gulio funga macho, hesabu imekwisha, upite zako."

Na kweli Mashavu alikuwa na binti, na miguu ya binti ilikuwa imevimba. Alilifikiria hilo kila alipolala na kila alipoamka. Kwamba Mize atalia uchungu akimwita mama, na mama hatakuwepo. Lakini Mize ana mume, ana mama mkwe, ana majirani wenye maji ya moto. Yule wa kwenye tenga ana mgongo wake tu. Na neno lililomfikisha pale halikusemwa na mtu mwingine.

Siku ya gulio ikafika. Watu walijaa kando ya ziwa na maandazi yao na watoto wao. Baraza lilikaa kivulini, katikati Mfananishi Mkuu, mzee mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na kuliani kwake Mheshimiwa na pua yake, joho limemtoka bega moja. Mashavu aliketishwa mbele, mahali pa heshima.

Kabla ya kutimiza, ilibidi Baraza limalize shauri moja lililobaki. Je, mtoto naye ni samaki? Mjumbe mmoja mwembamba alisema mgeni hakumtaja mtoto, kwa hiyo mtoto hana mfano na hawezi kutiwa majini, itakuwa ni uonevu. Wengi wakaona amesema la haki. Mwingine akasema huyo si mtoto, anakaa juu ya mkia, basi ni sehemu ya mkia, na mkia haushitakiwi peke yake. Walibishana hivyo jua likapanda. Mtu mmoja kule nyuma akauliza itakuwaje samaki huyu akizama. Mfananishi Mkuu akamjibu bila kukasirika kwamba hata hilo limefikiriwa, na kwamba samaki anayezama amejionyesha mwenyewe tabia yake. Kisha wakamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuna tumbo. Ikawa mtoto ni mkia.

Tenga likainuliwa. Hapo Mashavu akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "nilisema kwa haraka. Nina neno la karibu zaidi."

Mfananishi Mkuu akainamisha kichwa kumruhusu, maana sheria ni sheria.

"Huyu anafanana na mimi."

Mzee Kitwana, aliyeshika upande mmoja wa tenga, alifumba macho.

Watu wakaanza kunong'ona, na mjumbe mwembamba akataka kujua wamefanana wapi, mama ana pua, ana meno, ana nywele. Mashavu hakumjibu kwa mdomo. Akaligeuzia Baraza mgongo, na jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtu ila mwanawe toka moto ule, akaishusha kanga mpaka kiunoni.

Wanawake kule nyuma wakajiziba midomo. Mfananishi Mkuu akashuka kitini na fimbo yake. Akaligusa gamba la mnyama, kisha akaligusa kovu. Gamba, na kovu. Akamuuliza amelipataje. Mashavu akamweleza habari za jiko na makuti, na mtoto aliyekuwa chini yake, kwa maneno machache. Alipomaliza palikuwa kimya, na ni rahisi kudhani kwamba kimya kile kilikuwa cha huruma.

"Wajumbe," Mfananishi Mkuu akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa furaha, "toka tuanze kazi hii hatujapata kuletewa mfano mzuri kama huu."

Wakapiga makofi. Ndivyo walivyo. Walipiga makofi mpaka Mheshimiwa akaamka.

Hukumu haikuchukua muda. Mnyama amefanana na mtu, na mtu hawekwi tengani wala hatoswi siku ya gulio. Mzee Kitwana akaamriwa amfungulie. Akambeba yeye na mtoto wake mpaka ukingoni mwa msitu, akawaweka chini. Walikaa wamejiviringisha kitambo kirefu. Kisha pua ndefu ikatoka, mtoto akapanda mkiani, wakaingia kwenye majani bila kugeuka nyuma. Mashavu aliwaona wakiondoka. Alikuwa amekwisha shikwa mikono, lakini aliwaona.

Naye akaelezwa, kwa upole ule ule, kwamba sasa si mgeni tena. Atakaa bustanini hadi apite mgeni wa kumpa mfano. Na aelewe pia kwamba watu wanaofanana Mithili hukaa pamoja. Mgeni yeyote atakayesema kwamba Mashavu amefanana na yeye mgeni, au na mtu wake, atabaki naye kizimbani.

Basi akawekwa kizimbani. Watu walikuwa wakija na watoto kumtazama mgongo. Alipewa ukindu, kwa kuwa wasio na mfano huruhusiwa kitu cha kuchezea, akasuka. Mvua ikanyesha, ikazidisha, njia zikakatika, na wageni hawakuja. Mzee Kitwana alimletea uji na kula akiwa amesimama nje ya mlango. Walizungumza mambo madogo. Siku moja Mashavu alisema kwamba sasa Mize atakuwa amejifungua. Mzee akasema ndiyo, atakuwa amejifungua. Akaongeza maji kwenye mtungi ambao ulikuwa umejaa.

Njia zilipokauka, asubuhi ya gulio, Mzee Kitwana alikuja mikono mitupu. Uji hakuuleta.

"Kuna mgeni kwenye lango lile la ng'ambo," akasema. "Mwanamke kijana. Ana mtoto mgongoni. Anamuulizia mama yake, msusi wa mikeka, anasema alitoka nyumbani kabla ya mvua na hakufika."

Ukindu ukamtoka Mashavu mkononi.

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu."

"Mwambie nilifika hapa, nikasikia mito imejaa, nikageuza nikarudi nyumbani. Mwambie mama yake ni mzima. Mwambie apite aende nyumbani, atanikuta." Alikuwa akisema haraka kama mtu anayepanga mzigo. "Na atakayeonyeshwa ni nani?"

Mzee Kitwana akatazama vile vizimba vilivyo wazi, majani yameota. Hakuhitaji kusema.

Mashavu alijua binti yake. Mize akiuona uso huu atalia mama, na kabla ya machozi kufika shavuni mbiu itakuwa imepigwa, na mlango wa kizimba utakuwa umefunguliwa kwa wawili na kichanga chao. Akiuona hata mgongo, ataujua. Mize ndiye aliyekuwa akiupaka mafuta toka alipokuwa hajui kusema vizuri.

Akamwambia mzee achote udongo wa ziwani. Wakaufinyanga kwa maji ya mtungi. Mashavu akajipaka usoni, kichwani, mikononi, na kule asikofika Mzee Kitwana akampaka, kovu kwa kovu, mpaka mgongo ukawa sawa, wa kijivu, hauna habari yoyote. Kisha akapiga magoti katikati ya kizimba, akaweka uso kwenye mapaja, akafunga mikono chini yake. Chini ya tumbo aliuficha ule mkeka mdogo wa mtoto. Udongo ukaanza kukauka.

Mize akaletwa. Mashavu alisikia kiti kikivutwa. Alisikia maji yakimiminwa. Alisikia Mpokezi akiuliza habari za mvua na mazao, na sauti ya mwanawe ikijibu, imechoka na ina heshima, sauti aliyoilea mwenyewe. Mize alisema ameambiwa na mzee mmoja hapa kwamba mama yake alirudi nyumbani salama, na kwamba sasa hana haja ya kukaa, anataka awahi. Mpokezi akamweleza ile desturi ndogo.

Hatua zikaja zikasimama mbele ya kizimba. Mtoto akapiga kwikwi. Mashavu hakuinua kichwa.

"Ni mzima huyu?" Mize akauliza.

"Hali yake si kazi yetu, mama. Sisi tunauliza mfano."

Mize alitazama kwa muda. Kama angesema hajui, Mithili haikuwa na sheria ya kumjibu, kwa sababu haijawahi kutokea. Lakini ameshakunywa maji ya watu na kukalia kiti chao, na aliyemfundisha kwamba mgeni hawanyimi wenyeji kitu kidogo alikuwa mama yake.

"Ni kama jiwe," akasema.

Mpokezi akamshukuru kwa mikono miwili. Pembe ikalia juu ya lango, jiwe, mgeni amesema jiwe, na mjini wakapiga makofi. Kule ziwani mafundi waliokuwa wakitengeneza ukuta wa kuzuia maji wakasimama na kamba zao. Mvua ilikuwa imebomoa sehemu, na walikuwa na pengo lililohitaji jiwe.

Ilikuwa siku ya gulio, lango la kutokea li wazi. Mize akakaza ubeleko, akawaaga wote, akaanza kwenda, mwepesi, kama mtu anayekwenda kumkuta mama yake nyumbani. Hapo, alipokwisha mpa kizimba kisogo, Mashavu akainua kichwa. Udongo ukapasuka shingoni.

Mtoto, kama watoto wote wa mgongoni, alikuwa akitazama walikotoka. Akamwona. Alimtazama yule bibi wa udongo kwa macho mazima, hakuogopa na hakucheka, na hakumfananisha na kitu chochote, maana alikuwa bado hajakijua kitu cha kumfananisha nacho. Walitazamana hivyo mpaka lango likawakata.

Kisha Mashavu akarudisha uso kwenye mapaja, juu ya ule mkeka, na mafundi wakaingia.

Mimi nimeifikisha hadithi ukutani, na hapo naiacha. Wewe ukipita nchi ya watu, ukapewa maji, ukaulizwa kitu usichokijua kinafanana na nini, kunywa maji yao, shukuru, na useme hujui.